Mbegu ya Ukiriguru na Programu ya Chuo Kikuu

Kiasi cha kilomita 30 kusini ya mji wa Mwanza, katika wilaya ya Misungwi ambayo zamani ilikuwa sehemu ya Kwimba, pana mahali paitwapo Ukiriguru. Kwa macho ya mpita njia hapana ajabu: matale yaliyorundikana kama magunia ghalani, mteremko wa mchanga chini yake, na bondeni udongo mweusi unaonata miguuni masika na kupasuka kiangazi. Walakini majaribio yaliyofanywa juu ya mteremko ule tangu miaka ya 1930 yamegeuza kilimo cha Kanda ya Ziwa nzima, na yameacha nyuma yake swali ambalo wanachuo wa leo wanalikuta tena katika kazi isiyofanana na kilimo hata kidogo, yaani utungaji wa programu za kompyuta. Swali lenyewe ni hili: elimu iliyopatikana kwa fedha ya watu wengi, kwa akili ya wachache, na kwa msaada wa wasiotajwa, ni mali ya nani siku inapotolewa kwa walimwengu?

Pamba, au buluba kama Wasukuma waiitavyo, ilikuwa imekwisha fika pwani za Ziwa tangu zama za Wajerumani. Adui yake mkubwa alikuwa mdudu mdogo wa kijani arukaye upesi, ambaye hukaa chini ya jani na kufyonza utomvu wake hata kingo za jani zikajikunja na kuwa nyekundu kama zilizoungua. Huko Barberton, Afrika ya Kusini, F. R. Parnell na wenzake walitambua katika miaka ya 1920 kwamba mche wa pamba wenye majani yaliyoota vinyweleo vingi haumpendezi mdudu yule. Wakachagua mbegu iliyopewa jina la U4, nayo ikaenea sana katika Afrika. Ukinzani wa namna hiyo hiyo ulitafutwa Ukiriguru, na miongoni mwa waliofanya kazi hiyo ni J. E. Peat na K. J. Brown, ambao mwaka 1962 walitangaza pia matokeo ya majaribio yao marefu ya samadi na mbolea za viwandani katika mashamba ya kituo. Mbegu zilizotoka hapo zilipewa herufi mbili za mwanzo wa jina la mahali, na nambari mbele yake. Mkulima wa miaka ya baadaye alizijua UK77, UK82 na UK91, na baada ya hizo UKM08.

Sasa na iulizwe nani aliyelipa. Watafiti wengi wa pamba wa zama zile walikuwa watumishi wa Shirika la Kukuza Pamba la Dola ya Uingereza, lililoundwa mwaka 1921 kwa hati ya mfalme. Hazina ya Uingereza ililipa sehemu, na kwa sheria ya mwaka 1923 wenye viwanda vya nyuzi wa Uingereza walitozwa peni sita kwa kila robota la pamba waliyoinunua. Hawakutoa fedha hiyo kwa huruma. Walihofu kuitegemea pamba ya Marekani, wakataka mashamba mengine chini ya bendera yao. Serikali ya Tanganyika nayo ilitoa ardhi na watumishi, na fedha ya serikali ile ilitoka kwa sehemu katika kodi ya watu wale wale waliolimishwa pamba. Kwa hiyo mbegu moja ya Ukiriguru ilikuwa na walipaji wa namna tatu, na wa tatu hakuulizwa.

Hata hivyo hapana mtu aliyeidai mbegu ile kuwa milki yake mbele ya sheria. Ilipita kutoka kituo hata kituo, kutoka nchi hata nchi, kama barua baina ya jamaa. Wako wanaoona jambo hili kuwa ukarimu wa zama za kale. Huko ni kuona nusu ya habari. Pamba si kama mtama, ambao mkulima huuvuna na kuweka sehemu kibuyuni kwa msimu ujao. Pamba hupelekwa sokoni pamoja na mbegu yake, ikiwa imefungwa ndani ya nyuzi. Kinu cha kuchambulia ndicho kitenganishacho nyuzi na mbegu, na mkulima hana kinu. Kila mwaka aliiuza mbegu yake bila kutaka, na kila mwaka akapewa nyingine na mwenye kinu kwa amri ya serikali. Mwenye kushika kinu alishika mbegu. Mtu mwenye kufuli ya chuma hana haja ya kufuli ya sheria, na ndiyo sababu dola ile haikuwa na haraka ya kutunga sheria ya wenye mbegu huku.

Walipojua jambo hili, wakulima wa Usukuma hawakushindania mbegu. Walishindania mizani na vinu. Mwaka 1955 vyama vyao vya ushirika viliungana kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani, na kabla ya miaka mingi kupita muungano huo ulikuwa na vinu vyake wenyewe. Hiyo ni habari kubwa yenye kustahili kuandikiwa peke yake. Hapa yatosha kusema kwamba mali ya akili haikai hewani. Hukaa katika chombo, na mwenye chombo huwa na neno la mwisho hata pale ambapo hati haimtaji.

Kuna mchango mwingine ambao haukuandikwa katika hesabu ya peni sita. Watafiti wa udongo walipofika Usukuma waliwakuta wenyeji wana majina ya udongo kwa mpango, kutoka juu ya kilima hata bondeni: luseni, mchanga mwepesi wa mteremko, itogolo, ulio mgumu zaidi chini yake, ibambasi, mahali pagumu pasipopenda mazao, na mbuga, udongo mweusi wa chini. Huu haukuwa msamiati wa mapambo. Jina lilimwambia mkulima apande nini, lini, na kama jembe litaingia au halitaingia. Mwaka 1935 G. Milne, mtaalamu wa udongo aliyekuwa Amani, aliwaeleza wenzake wa dunia nadharia ya udongo unaofuatana kwa mteremko kama pingu za mnyororo mmoja, nadharia ambayo inafundishwa hata leo. Majina ya Kisukuma nayo yaliingia katika majarida ya wataalamu na kubaki humo. Mtu asomaye makala ya zamani juu ya udongo wa Ukiriguru atayakuta yamepangwa barabara. Asichokikuta ni jina la mzee hata mmoja aliyetembea na mtaalamu shambani akimwonyesha mahali luseni inapokoma na itogolo inapoanza.

Isidhaniwe kwamba Wasukuma hawakuwa na fikira ya umilikaji wa maarifa mpaka walipofundishwa na wageni. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, ambavyo mashindano yake ni mashuhuri katika nchi nzima, vilijua kutofautisha. Wimbo ulikuwa wa kuimbwa na kila mtu, ingawa mtungaji wake alijulikana na kusifiwa kwa jina. Dawa ya kuvutia watazamaji haikuwa hivyo: ilitolewa kwa aliyeingizwa chamani, kwa masharti, na kutoka kwa mwalimu hata mwanafunzi. Hapo pana mambo mawili ambayo wanasheria wa miji mikubwa wameyapa majina marefu. La kwanza ni kazi iliyo wazi kwa wote lakini isiyompoteza mtungaji wake. La pili ni siri inayolindwa kwa kiapo. Wenyeji waliyaweka yote mawili katika uwanja mmoja, na hawakuchanganyikiwa.

Sheria iliyoandikwa ilikuja kwa njia nyingine. Sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911, ambayo ilienezwa hata Tanganyika, ilisema kwamba kazi iliyotungwa na mtumishi katika utumishi wake ni mali ya bwana wake, isipokuwa wamepatana vingine. Baada ya Uhuru Bunge lilitunga Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1966, na mahali pake pakachukuliwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, ambayo inazihesabu programu za kompyuta katika kazi zilindwazo. Kwa upande wa mimea, mkataba wa kimataifa wa kulinda aina mpya za mimea ulitiwa sahihi Paris tarehe 2 Desemba 1961, siku saba tu kabla ya bendera ya Uingereza kushushwa Dar es Salaam. Tanzania haikujiunga nao mpaka tarehe 22 Novemba 2015, baada ya kutunga sheria ya haki za wagunduzi wa mbegu mwaka 2012. Kwa hiyo UK77, UK82 na UK91 zote zilizaliwa katika nchi isiyokuwa na namna ya kumwandikisha mtu kuwa mwenye aina ya mbegu, na zikatawanyika katika mamia ya maelfu ya mashamba bila hati.

Programu ya kompyuta inafanana na mbegu kuliko inavyofanana na shoka au jembe. Ukimpa mwenzio jembe umebaki mikono mitupu. Ukimpa mbegu, msimu ukipita mnazo wote wawili. Programu nayo hunakiliwa pasipo kupungua. Tena ina sura mbili. Moja ni maandishi ya chanzo, ambayo mtu mwenye ujuzi aweza kuyasoma, kuyasahihisha na kuyaongeza. Ya pili ni tafsiri ya maandishi hayo kwa ajili ya mashine, ambayo hufanya kazi lakini haisomeki. Mwenye kutoa sura ya pili peke yake na kuficha ya kwanza anafanya kama mwenye kinu: anakupa zao na kubaki na mbegu. Wale waliokataa desturi hiyo ndio waliozaa kile kinachoitwa programu huria.

Vyuo vikuu vilikuwamo tangu mwanzo, na tangu mwanzo swali la mwenye mali lilivitia mashakani. Richard Stallman, aliyekuwa mtumishi katika maabara ya Massachusetts Institute of Technology, alipoazimu kuandika mfumo mzima wa kompyuta kwa ajili ya watu wote, alijiuzulu kwanza, Januari 1984, kusudi chuo kisipate njia ya kuidai kazi yake. Aliona wazi kwamba mtu hawezi kutoa sadaka kitu ambacho huenda si chake. Chuo Kikuu cha California, huko Berkeley, kilishika njia ya pili: chuo chenyewe kilijiandika kuwa mwenye hakimiliki, kisha kikatoa ruhusa nyepesi kwa yeyote kutumia, kubadili na hata kuuza, mradi jina la chuo libaki kichwani mwa maandishi. Hilo halikukiokoa na mahakama. Mwaka 1992 kampuni tanzu ya AT&T ilishitaki kwamba ndani ya kazi ya Berkeley mlikuwa na maandishi yake. Shauri likaisha kwa mapatano mwaka 1994, na katika faili zipatazo 18,000 zilipatikana tatu tu za kuondolewa na 70 za kuongezewa tamko la mwenye mali. Miaka miwili ya hofu kwa ajili ya faili tatu! Hofu ile ilitosha kuwafukuza watumiaji wengi wakaenda kwingine, maana mfanyabiashara haogopi hukumu kama anavyoogopa mashaka.

Afrika ya Mashariki imeingia katika habari hii kwa mlango wa zahanati. Tanzania ilianzisha mwaka 1993 mpango wa MTUHA, yaani Mfumo wa Taarifa za Uendeshaji wa Huduma za Afya, na kwa miaka mingi mpango huo ulikuwa vitabu vikubwa vya karatasi: muuguzi ahesabu wagonjwa wa malaria, wazazi waliojifungua na watoto waliochanjwa, aandike jumla mwisho wa mwezi, kisha karatasi ipande gari kwenda wilayani. Ng'ambo ya pili ya bara, huko Cape Town, tangu mwaka 1994 vyuo vikuu vya mji ule pamoja na Chuo Kikuu cha Oslo vilikuwa vimeanza kutengeneza programu ya kujumlisha hesabu za namna hiyo kwa ajili ya wilaya za nchi iliyotoka tu katika ubaguzi. Jørn Braa wa Oslo ni mmoja wa waanzilishi wake. Programu ya kwanza ilitolewa bure, lakini ilijengwa juu ya chombo cha kampuni ya Microsoft, na mwenye kutaka kuitumia alikuwa na haja ya kununua chombo hicho. Tangu mwaka 2004 kazi ikaanzwa upya Oslo kwa zana huria, ikaitwa DHIS2, na ikatoka mara ya kwanza mwaka 2006.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikuwa kimeingia katika mtandao huo mwanzoni mwa miaka ya 2000, kwa njia ya idara yake ya elimu ya kompyuta. Walimu na wanafunzi walikwenda Oslo kusomea shahada za juu, na watafiti wa Oslo wakaja kufanya kazi katika wilaya za pwani. Kenya ilieneza DHIS2 katika nchi nzima mwaka 2011, na Tanzania ikafanya hivyo kufikia mwisho wa mwaka 2013. Leo programu hiyo inatumika katika nchi zaidi ya 70. Takwimu za zahanati za Misungwi hupita humo kama za wilaya nyingine zote.

Mtu afunguaye maandishi ya chanzo ya DHIS2 atakuta kichwani mwa faili moja baada ya nyingine tamko lile lile: hakimiliki kuanzia mwaka 2004 ni ya Chuo Kikuu cha Oslo. Chini yake yamo masharti yaliyoigwa kwa Berkeley. Yeyote aweza kuitumia na kuibadili, tamko lisiondolewe, jina la chuo lisitumiwe kutangazia bidhaa ya mtu mwingine, na mtoaji hakubali lawama endapo programu italeta hasara. Masharti ni mafupi na safi. Kwa mtumiaji hayana kasoro yoyote kubwa: Wizara ya Afya ya Tanzania haihitaji kuomba ruhusa Oslo ili kuitumia, kuikalisha katika mashine zake wenyewe, au kuibadili ifuate vitabu vya MTUHA. Tena hesabu za wagonjwa ziingizwazo humo hazihusiani na hakimiliki ya programu. Mwenye kisima hawi mwenye ndoo.

Ugumu uko kwa mchangiaji. Katika nchi za Ulaya sheria husema kwamba programu iliyoandikwa na mwajiriwa katika kazi yake ni ya mwajiri, na agizo la mwaka 1991 la jumuiya yao liliweka jambo hilo wazi. Kwa mhandisi anayelipwa mshahara na Oslo, basi, tamko la kichwani ni kweli tupu. Lakini mwanafunzi si mwajiriwa. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili aandikaye sehemu ya programu kwa ajili ya tasinifu yake huwa, kwa kawaida ya sheria, mwenyewe mtungaji na mwenyewe mwenye haki, mpaka atie sahihi ya kuitoa. Na mhadhiri wa Dar es Salaam aliyeko masomoni ughaibuni, hali mshahara wake unaendelea kulipwa na hazina ya Tanzania, kazi yake ni ya nani? Ni yake? Ni ya chuo chake cha nyumbani? Ni ya chuo kinachomfundisha? Au mfadhili aliyelipa nauli na karo ana sharti katika mkataba ambao mhadhiri hakuusoma mpaka mwisho? Faili lisemalo jina moja tu kichwani linayajibu maswali haya yote kwa mkato, na mkato huo una manufaa, kwa kuwa mtumiaji ajua amwendee nani. Walakini ni ule ule mkato ulioingiza luseni na itogolo katika majarida bila mwonyeshaji.

Isieleweke kwamba Oslo imefanya dhuluma. Mfumo wenye watungaji waliotawanyika katika mabara manne unahitaji mlinzi mmoja wa jina, la sivyo siku ya kutaka kubadili leseni itabidi watafutwe watu wote, na wengine watakuwa wamehama, na wengine wamekufa. Hoja ni kwamba mlinzi huyo huwa ni yule mwenye ofisi, fedha na wanasheria, na kwa kawaida hakai Mwanza.

Habari ya pili ni fupi zaidi, nayo inachekesha kidogo. Mwaka 2004 idara ile ile ya Dar es Salaam, ikisaidiwa na mafundi kutoka Sweden, ilitoa programu ya kuandikia na kufanyia hesabu iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, iitwayo Jambo OpenOffice. Kazi kubwa haikuwa ufundi bali maneno: kila amri katika menyu ilitaka jina, na majina hayo hayakuwamo katika kamusi. Sasa OpenOffice ilikuwa chini ya kampuni ya Marekani, Sun Microsystems, na desturi ya kampuni hiyo ilikuwa kuwataka wachangiaji watie sahihi hati ya kuifanya kampuni kuwa mwenye haki pamoja nao. Januari 2010 Sun ilinunuliwa na Oracle. Kabla ya mwaka kwisha wachangiaji wengi walijitenga na kuanzisha LibreOffice, na mwaka 2011 Oracle ikaikabidhi OpenOffice kwa wakfu wa Apache. Katika miaka saba mali moja ilibadili bwana mara mbili na kupasuka sehemu mbili, na hapana mwenye shamba hata mmoja aliyelazimika kuhama, kwa sababu leseni huria ilimruhusu kila mtu kuondoka na nakala yake. Mtu apimaye faida ya leseni ya namna hiyo aanze hapo. Wenye mali wangeliweza kuuzana mara kumi, na tafsiri ya Kiswahili isingalipotea.

Leseni zenyewe si za namna moja, na kuichagua si jambo la karani. Leseni ya mfano wa Berkeley humruhusu mtu kuichukua programu, kuiongeza, na kuifungia nyongeza yake ndani ya bidhaa ya kuuzwa. Leseni aliyoitunga Stallman, ambayo toleo lake la kwanza ni la mwaka 1989, humtaka mwenye kuieneza programu iliyobadilishwa aitoe pia pamoja na maandishi yake ya chanzo. Ya kwanza huwapendeza wafadhili na makampuni, na huenea upesi. Ya pili hulinda zaidi mahali penye wanyonge wengi na wenye vinu wachache. Kwa utafiti uliolipiwa na umma wa nchi maskini hoja ya leseni ya pili ina uzito kuliko inavyopewa katika vikao, ambako mara nyingi huchaguliwa ile iliyotajwa kwanza na mgeni.

Wakulima na wataalamu wa mbegu wameusikia mjadala huu na kuurudisha shambani. Mwaka 2012 katika jimbo la Wisconsin, Marekani, wagunduzi wa mbegu wa chuo kikuu pamoja na wakulima waliazimu kutunga leseni ya mbegu kwa kuiga ile ya programu. Waliandika, wakafuta, wakaandika tena, mpaka wakapata hati ndefu kupita kiasi, isiyoweza kuchapwa juu ya pakiti. Wakaiacha. Aprili 2014 wakatoa mahali pake ahadi ya maneno machache: anayeifungua pakiti hii anaahidi kutomzuia mwingine kuitumia mbegu hii na vizazi vyake. Walianza na aina 36 za mazao 14. Ahadi ile haina nguvu nyingi mbele ya hakimu, lakini inasomeka.

Ukiriguru yenyewe sasa ni kituo cha Taasisi ya Utafiti wa Kilimo Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Mgunduzi wa aina mpya ya mbegu aweza leo kuiandikisha, jambo ambalo Peat na Brown hawakuwa na haja nalo. Mkataba wa mwaka 1961 na marekebisho yake unamwachia mgunduzi mwingine njia ya kuitumia aina iliyoandikishwa ili azalishe nyingine, na hapo unakaribia fikira ya programu huria kuliko wengi wadhanivyo. Mkulima ameachiwa njia nyembamba zaidi. Na pamba bado hupelekwa sokoni na mbegu yake ndani. Baada ya biashara kufunguliwa mwaka 1994 wenye vinu waliongezeka, mbegu za maeneo mbalimbali zikachanganyikana kinuni, na usafi ambao kituo kilikuwa kimeutunza kwa miaka mingi ukaharibika pasipo mtu yeyote kuvunja haki ya mtu mwingine, kwa kuwa hapakuwa na haki iliyoandikwa ya kuvunjwa.

Hata hivyo herufi UK zilibaki juu ya magunia. Mtu aliyeipokea mbegu Shinyanga au Geita aliweza kujua imetoka kilima gani, kama vile afunguaye faili la DHIS2 anavyojua limetoka mji gani. Katika orodha za wachangiaji za programu hiyo, ambazo mashine huziandika yenyewe kila mtu anapoleta sahihisho lake, kuna tarehe, saa, na jina la kila mmoja aliyegusa kila mstari. Kwa daftari la namna hiyo, mwanafunzi wa Dar es Salaam aliyeongeza mistari yake hahitaji kuombewa na mtu atajwe.